Cha Juu cha Dalali

Mama,

Shikamoo. Huu mwaka wa pili, na bado kila nikikusalimia nanyamaza kidogo nikupishe uitikie. Leo usiitikie kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kunitukana, nitukane.

Nyumba nimeiuza. Ile ya Mzenga, uliyoikandika kwa mikono yako kabla hatujaijenga kwa tofali, nimeiuza. Zuhura figo zimegoma. Anapelekwa Dar kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila safari ni hela. Mimi na mke wangu na watoto tumehamia Mlandizi, tumepanga chumba na sebule. Mwanao Zuhura amekonda mpaka zile bangili zako zinamtoka zenyewe mkononi, anazifunga kwa uzi. Ningefanya nini, Mama? Sikuwa na kingine cha kuuza.

Nilimwendea Side, yule dalali wa viwanja. Akataka asilimia kumi, kama wanavyotaka wote. Nikaona huu sasa wizi! Nyumba yangu, shida yangu, halafu mtu apige simu mbili tatu apewe fungu lote hilo? Tukavutana weee. Mwisho akacheka, akasema, "Basi braza, asilimia zako baki nazo. Niambie unataka ngapi mkononi. Cha juu changu." Nikamtajia milioni kumi na nane, tukapeana mkono. Nikarudi nyumbani najiona mjanja, namwambia mke wangu dalali leo nimempatia. Ungekuwepo ungeniuliza kama ulivyokuwa ukiniuliza sokoni, nikitaka kumwachia mteja mihogo kwa bei ya kwanza aliyotaja: "Hamisi, una haraka ya kwenda wapi?"

Kaburi lako sikulisahau. Wallahi sikulisahau. Nilimwambia Side, mteja yeyote aelezwe kwamba Mama amelala pale nyuma, karibu na mkorosho, na atabaki palepale, na sisi tutakuwa tunakuja kufyeka majani na kumsomea dua. Akasema, "Hilo niachie mimi." Nikamwachia.

Siku ya kuandikishiana, mwenyekiti wa kijiji akasoma mkataba kwa sauti. Alipotaja milioni ishirini na tano, masikio yangu yakaziba. Saba za Side! Roho ikaniuma, nikawa nimekaa pale namkodolea macho tu, na huku mwenyekiti anaendelea kusoma kwamba muuzaji atakabidhi eneo likiwa tupu ndani ya miezi mitatu. Tupu. Nikadhani wanasema banda la kuku na masufuria yetu. Nikasaini.

Mnunuzi ni mtu wa Dar, mstaarabu, hapandishi sauti. Mwezi uliopita alikuja mpaka Mlandizi, akavua viatu mlangoni, akakaa, akaniuliza ninakuhamisha lini. Nikamwambia sijamwelewa. Ndipo akanieleza taratibu: kaburi likibaki palepale, yeye alikuwa tayari kutoa kumi na nane tu. Dalali akamwambia kaburi litaondolewa, mwenyewe ameshakubali, ila aongeze saba. Akaongeza.

Mama, cha juu kilikuwa wewe. Nilikutoa kwa mdomo wangu mwenyewe, huku nacheka, kisa sikutaka kutoa asilimia kumi. Nilimfuata Side nimkabe koo. Wala hakukimbia. Akanitazama, akasema, "Ulisema cha juu changu, braza. Hukuniuliza nakipataje." Nikarudi zangu.

Usidhani nimekaa tu. Nimembembeleza yule mnunuzi. Anasema nimrudishie hela yake yote, mkataba uvunjike. Nitaitoa wapi, Mama? Nyingine anayo Side, nyingine imeshaingia hospitali, na kidogo kilichobaki ndicho kinachomweka Zuhura hai. Nikikigusa, nitakuwa namzika yeye ili wewe usisumbuliwe. Nilikwenda kwa shehe. Akaniuliza kama kweli hakuna namna nyingine, nikainamisha kichwa. Akasema basi ifanyike kwa staha. Kibali cha kukuhamisha kimetoka. Zuhura hajui chochote. Anasema akipata nafuu, safari yake ya kwanza ni Mzenga kukuona, na mimi namwitikia inshallah, kisha natoka nje.

Ni Ijumaa hii, asubuhi. Utakuja huku Mlandizi, kwenye makaburi ya wote, karibu na ninapokaa. Watu wa kuchimba nimewapata, lakini nimewaambia wakikaribia kukufikia wapande wote juu. Nitashuka mimi. Sijui nitakuta nini. Naogopa, Mama, tangu nizaliwe sijaogopa hivi. Lakini hakugusi mtu aliyelipwa, hilo nakuahidi. Nitakufunga sanda mpya, nitakupakata mwenyewe garini, na njia nzima nitakuwa nakuambia tumefika wapi, usije ukadhani umetupwa.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niache nikubebe tu.

Mwanao,
Hamisi