Hajapigwa Hata Kofi

Jumapili. Mvua imenyesha hapa Mtoni tangu alfajiri, na mie nimerudi kutoka Ukonga nimelowa na nimekasirika.

Tulikuwa na kikao cha ukoo kuhusu Asha, binti wa marehemu kaka yangu. Anaishi kwa mdogo wangu tangu alipopoteza kazi, na anasema mke wa mdogo wangu anamnyanyasa. Wakubwa wakamuuliza: umepigwa? Umenyimwa chakula? Akasema hapana.

"Sasa unanyanyaswa nini, mwanangu? Hujapigwa hata kofi!"

Ikaletwa chai, kikao kikaisha. Muda wote mie nilikuwa namkumbuka Shangazi Somoe.

Enzi za Ujamaa, shangazi huyu, dada yake baba, alikuja kukaa kwetu kutoka Lindi baada ya kufiwa na mumewe. Mama hakumpiga wala hakumlaza njaa. Ila kila akipakua ugali alikumbusha kwamba unga ameupangia foleni yeye, na kuna watu kazi yao kula tu. Shangazi alikuwa akinawa mikono kabla hajashiba.

Wote wawili walisoma elimu ya watu wazima, alasiri, kwenye mkeka mmoja. Siku moja mwalimu akaandika ubaoni neno "kunyanyasa", akataka kila mtu alieleze. Wakatajwa wakoloni, mabeberu na mabepari, kama redio ilivyotuzoesha. Ikafika zamu ya Shangazi. Alisema taratibu, macho chini:

"Kumnyanyasa mtu ni kumpa chakula, halafu ukamsimanga."

Mwalimu hakujua ya nyumbani kwetu. Alifurahi mno, akaiandika sentensi ile ubaoni na kuwataka wote wainakili.

Mama akainakili.

Mie, mtoto niliyezoea kuwafuata darasani, nilikuwa nimekaa nyuma yake. Penseli ilikuwa ikisimama kila baada ya herufi, na shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Jioni alipakua bila neno. Shangazi alipogeukia maji ya kunawa, Mama akasema, "Wifi, mbona mapema hivyo? Hebu kula." Shangazi akarudisha mkono kwenye sinia.

Nimempigia Asha sasa hivi. Nimemwambia afungashe, aje akae kwangu. Amelia, nami nimelia.

Kumlisha nitamlisha. Ninachokiogopa ni ulimi wangu, maana mie ni mtoto wa mama yangu. Siku mchele ukipanda bei, nitaweza kunyamaza?