Acha Kufunuafunua

Dada Yustina,

Shikamoo. Marahaba yako nimeikosa mwaka wa pili sasa, lakini nikianza bila salamu nitaona nimekukosea adabu.

Tangu asubuhi sijakaa chini. Nimefagia uwanja mara mbili, nimeosha vyombo visafi. Mume wangu Ambokile, yule uliyezoea kumtania kwamba uhamisho ulimtoa Mbeya kuja Sumbawanga kuoa na si kufanya kazi, ameninyang'anya ufagio.

Uliondoka kabla sijakuambia. Mimi na yeye, wote tumebeba siko seli, ile ile iliyokuua, ingawa sisi hatuugui. Basi tulikwenda Dar es Salaam, wakaunganisha mayai yangu na mbegu zake maabara, ili kila kiinitete kipimwe kabla ya kuwekwa tumboni. Kilibaki kimoja. Wakatoa chembe chache za kupima, chenyewe wakakigandisha. Jibu halikutoka, sampuli ilikuwa haba. Sasa wanataka kukiyeyusha, watoe chembe nyingine, wakigandishe tena. Daktari hakunificha: huenda kisistahimili. La sivyo kiwekwe hivyo hivyo, bila kujua. Kesho natakiwa nipige simu niseme moja.

Unaukumbuka ule ulezi? Baridi ya Juni ikikushika viungo, mama alikuwa akipasha ulezi kwenye kikaango, anautia ndani ya soksi ya baba, mimi nakukanda nao magoti. Kazi yangu ilikuwa kushikilia tu. Lakini sikutulia. Kila mara nafunua blanketi nione kama uvimbe umepungua, na kila nikifunua baridi inaingia. Ukaniambia huku umeuma meno, "We mtoto, acha kufunuafunua. Nishike tu."

Na siku ile uliyotoka wodini, nikakuuliza kijinga kama hujutii kuzaliwa. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Ningeulizwa, ningekuja tu. Ila ningekuja na soksi zangu."

Jana nilikuwa najaza fomu ya hicho kipimo cha pili. Nikafika panapouliza: jibu likionyesha ugonjwa, kiinitete kifanyweje? Kuna kisanduku cha kutia alama ili kiharibiwe. Dada, mkono uligoma. Niliona naambiwa nikutupe wewe, nikalia pale pale mezani. Ambokile akaisoma ile fomu. Kisha akasema taratibu, "Mama, kama hapo hatuwezi kujaza, tunampima tena ya nini?"

Nikaikunja ile fomu, nikaitia kabatini.

Naogopa. Mtoto akija na maumivu yako, siku moja ataniuliza kwa nini sikupima, na mimi niliyekusikia ukilia miaka yote ile sitakuwa na jibu zuri. Leo peke yake nimebadili mawazo mara tatu, ndiyo maana nafagia. Lakini kile kisanduku bado ni kitupu, na kesho nitawaambia wasikiyeyushe kwa ajili ya kupima. Wakiyeyushe siku ya kukiweka tumboni.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi: akija mzima, atakujua kwa jina na kwa utani wako wote. Akija na viungo vyako, soksi ya baba ninayo, na ulezi kutoka Chala upo debe zima. Nitamshika tu. Sitafunua.

Mdogo wako,
Oliva