Kikao cha Dharura Kuhusu Vifo vya Vifaranga wa Chaza, Ghuba ya Lukovac

USHIRIKA WA WAFUGAJI WA CHAZA, LUKOVAC

Tarehe: 18 Aprili 2023
Mahali: Ghala la kamba, gatini

Waliohudhuria: Bw. Vicko Peručić (Mwenyekiti), Bw. Baldo Krile (Mjumbe), Bi. Nevenka Lopin (mtaalamu wa kituo cha vifaranga), Bi. Jelica Margaretić (Katibu)

Asiyehudhuria: Bw. Ante Bego. Hakutoa udhuru. Kicheko chake kilisikika kutoka mkahawa wa jirani kikao kizima.

KUMB. NA. 1/2023: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao alipomaliza kahawa yake. Alieleza kwamba vifaranga wote wa msimu wamekufa matangini, na ajenda ni moja tu: kumwachisha kazi Bi. Nevenka.

KUMB. NA. 2/2023: SABABU YA VIFO
Bi. Nevenka alieleza, kama alivyokwisha kueleza vikao vyote vya mwaka huu, kwamba hewa ukaa ikiyeyuka baharini huzaa tindikali, nayo tindikali huyapunguzia maji kaboneti ambayo kifaranga hujengea gamba. Hewa hiyo ikizidi, mizani huinama upande wa tindikali. Ukitia magadi, hurudi. Ndiyo maana alikuwa akitia magadi matangini, hadi Mwenyekiti alipomkataza mwezi Machi.

Mwenyekiti alijibu kwamba alipima maji ya ghuba mwenyewe akapata pH 8.9, kwa hiyo tindikali haipo. "Magadi ya nini tena? Tunafuga chaza au tunafua mashuka?"

Bi. Nevenka alisema: "Bahari yetu haifiki huko, Mzee Vicko, kawaida yake ni 8.1. Ulichota na nini?"

"Na ndoo, mwanangu. Ulitaka nichote na kofia?"

Bw. Baldo aliuliza ndoo ipi.

"Ile ya saruji, basi! Lakini niliisuuza."

Ikumbukwe kwamba sisi hubandika chaza kwenye kamba kwa saruji, mmoja mmoja, na ndoo ya Mwenyekiti ina saruji iliyogandamana tangu enzi za marehemu baba yake. Saruji huua tindikali kama magadi. Katibu alichoka kabisa.

KUMB. NA. 3/2023: KUPIMA UPYA
Bw. Baldo alichota maji kwa chupa safi. Kipimo kilikuwa 7.6. Mwenyekiti alidai kifaa kimeharibika, kikarudiwa: 7.6. Mwenyekiti akapendekeza kwamba, ikiwa saruji ni dawa, basi imwagwe ghubani. Hakuna aliyemuunga mkono.

Bw. Baldo alisema: "Mzee, umewaua wewe. Kubali yaishe."

Mwenyekiti alisema kosa ni la saruji.

KUMB. NA. 4/2023: MAAZIMIO
Hoja ya kumwachisha kazi Bi. Nevenka iliondolewa. Iliazimiwa magadi yarudishwe na vifaranga wapya waanze kulelewa. Mwenyekiti alimwagiza Bi. Nevenka aanze Jumatatu. Katibu alisubiri neno la radhi ili aliandike, halikutoka.

Bi. Nevenka aliweka funguo za kituo mezani. "Jumatatu nitakuwa Italia. Mliponiitia kikao cha kunifukuza, nilitafuta kazi, nikapata."

Mwenyekiti aliuliza vifaranga atawalea nani. Bw. Baldo alisema yeye hajui, na Katibu pia hajui. Bi. Nevenka aliaga kwa heshima, akatoka.

KUMB. NA. 5/2023: KUFUNGA
Kikao kiliisha saa 12:40 jioni, Mwenyekiti akiwa mlangoni anaita: "Nevenka, mwanangu, rudi basi tuzungumze."

V. Peručić, Mwenyekiti
J. Margaretić, Katibu