Ufunguo wa Tanki Uko Mfukoni Mwake

Jumatano, Aprili 1957. Mvua tangu alfajiri, na hasira tangu saa tatu ya asubuhi.

Daftari hili nililinunua niandike safari zangu: nimetoka wapi, nimefika wapi, gari limenisumbua wapi. Safari ya leo ilikuwa ya Morogoro. Imeanza Kariakoo ikaishia bonde la Msimbazi, mwendo ambao hata kuku angeumaliza kwa miguu.

Na nimeitwa mjinga mbele ya watu.

Aliyeniita hivyo ni tajiri wangu, Bwana Nassoro, mwenye duka la jumla hapa Kariakoo na malori mawili. Lori la zamani linatumia petroli. Jipya, ambalo naliendesha mimi, linatumia dizeli, na nusu yake ni mali ya kaka yake anayekaa Morogoro. Mafuta yote yanawekwa uani kwa Bwana Nassoro ndani ya mapipa mawili yaliyofanana kabisa, hayana rangi wala maandishi. Pipa la dizeli husimama kwenye mlango wa ghala, la petroli kwenye ukuta wa choo. Yanajulikana kwa mahali yanaposimama, basi.

Sasa lililonichoma ni hili. Mimi siruhusiwi kujaza mafuta. Bwana Nassoro anaamini kila dereva wa mji huu ameficha mpira wa kunyonyea mafuta chini ya kiti, na kwamba nikigeuziwa mgongo tu nitamuuzia mtu debe zima pale Ilala. Kwa hiyo alimwita fundi akachomelea pete mbili za chuma kwenye mdomo wa tanki, akatia kufuli, na ufunguo akautia kwenye mfuko wa kizibao chake. Kila alfajiri anafungua mwenyewe, anaweka faneli mwenyewe, anamimina mwenyewe debe kwa debe. Mimi nasimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa shaurini.

Mwezi uliopita niliona takataka ndani ya debe nikamwambia tuchuje kwa kitambaa. Akanijibu bila kunitazama: "Athumani, kazi yako usukani. Mafuta niachie mimi." Tangu siku hiyo sikufungua mdomo tena kwa habari ya tanki.

Jumapili alimwoza binti yake. Pilau lilipikwa uani, kwa hiyo mapipa yakabingirishwa mpaka uchochoroni, yasije yakaturusha sote pamoja na sufuria. Karamu ilipokwisha, ndugu za bwana harusi walijitolea kuyarudisha. Watu wazuri, wana adabu zao, lakini dizeli na petroli kwao ni mamoja. Wakayarudisha kinyume. La petroli likasimama kwenye mlango wa ghala.

Tangu harusi malori hayakutoka; leo alfajiri Bwana Nassoro akachota pale pale alipozoea kuchota.

Gari liliwaka vizuri, maana mlikuwa na dizeli kidogo iliyobaki ndani ya mirija. Nilikuwa nimepakia chumvi na sabuni. Kufika Msimbazi injini ikaanza kugonga, sauti ambayo sikupata kuisikia katika gari hilo. Kwenye mwinuko wa kwenda Magomeni ikanifia. Nikalirudisha nyuma kwa breki, polepole, mpaka bondeni, mvua inapiga turubai na maji ya barabarani yanafika kwenye vifundo vya miguu.

Nilimpelekea habari Fundi Elia, Mchaga wa Moshi mwenye karakana yake Ilala. Alikuja na baiskeli. Aliona kufuli, akacheka, akasema tumngoje mwenye ufunguo. Bwana Nassoro alipofika na mwavuli wake na kufungua, Elia akachovya kijiti ndani ya tanki, akapaka kidoleni, akakipuliza. Dizeli huacha utelezi. Kidole chake kilikauka.

"Hii petroli," akasema. "Pampu haina kitu cha kuilainisha, imejila yenyewe. Nani kajaza?"

Bwana Nassoro alinitazama mimi.

"Dereva ndiye anayelijua gari," akasema. "Ukiwa na dereva mjinga, huna gari." Makuli waliokuja kutusukuma walikuwa wamesimama hapo hapo, na mwenye gari la ng'ombe nyuma yetu, na wanawake wawili waliokunja kanga zao wavuke maji. Wote walisikia. Ufunguo wakati huo anao yeye mkononi.

Nilidhani ni maneno ya uchungu tu, yatapoa. Adhuhuri akaniita dukani, nyuma ya magunia, akanisemesha kwa upole, na upole ule ndio ulionikera zaidi. Kaka yake anafika kesho asubuhi kutazama gari. Bwana Nassoro anataka niseme niliazima ufunguo nikajaza mwenyewe.

"Siwezi kuwataja wakwe zangu, Athumani. Ndoa ina siku tatu tu. Na nikisema ni mimi, kaka yangu hataniamini na gari tena. Wewe sema ni wewe. Atafoka, atachoka, na kazi yako utabaki nayo."

Na nisiposema? Alianza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Basi wakwe wana heshima yao isiguswe, yeye ana heshima yake kwa kaka yake, na mimi yangu ni ya kutandika chini wapite. Mtu ameninyima ufunguo kwa sababu mimi ni mwizi, leo ananipa kosa kwa sababu mimi ni dereva. Kesho nikikubali, keshokutwa habari iko kwa wauza kahawa wote wa Kariakoo, na nitaitwa Athumani Petroli mpaka nizikwe. Nani atanipa gari lake tena? Miaka kumi na miwili nimeshika usukani, hata kuku sijagonga.

Nimerudi nyumbani nikamweleza mke wangu Zuhura yote, kwa kelele, nimesimama, na kanzu inachuruzika maji. Alikuwa anamenya mihogo. Nilimaliza nikangoja anisaidie kumtukana Bwana Nassoro. Yeye akauliza jambo moja.

"Na wewe hukusikia harufu?"

Nikamwambia kulikuwa na mvua. Akaendelea na mihogo yake.

Nilisikia.

Naandika hapa kwa sababu kwake nimeshindwa kusema. Debe la kwanza lilipoingia kwenye faneli, harufu ya petroli ilinijia puani hata kwenye mvua ile. Naijua hata nikiwa usingizini. Nikajiambia labda ni debe lenyewe, limetumiwa kwa lori la zamani. Uongo. Nilijua, na nikakumbuka: kazi yako usukani. Na naona haya kuandika, lakini nilifurahi. Nilisema moyoni, acha ajionee mwenyewe. Debe la pili likaingia, na la tatu, nami nimesimama mikono nyuma. Kisha nikapanda nikawasha.

Sikufikiria pampu. Sikufikiria kwamba gari likifa, mimi ndiye nitakuwa ndani yake.

Je, hilo linamfanya yeye awe na haki? Hata kidogo. Bado hasira yangu iko pale pale, haijapungua hata chembe. Angenisikiliza siku ile ya kitambaa, leo ningesema. Lakini nikienda kesho nikasimulia kufuli tu, nikaificha pua yangu, nitakuwa nimefanya kama yeye alivyofanya bondeni: kumtazama mwenzangu ili mimi nisitazamwe.

Ndugu za bwana harusi sitawataja. Hawakujua, na mimi sina haja ya kuvunja nyumba ya mtu.

Mihogo imeiva, Zuhura ananiita. Nitaanza na yeye. Kesho asubuhi nitamwambia huyo kaka, Bwana Nassoro akiwa amekaa pale pale: kufuli lilikuwa la ndugu yako, na pua ilikuwa yangu. Kazi ikiondoka, iondoke na maneno yote mawili.