Siku Niliyomwacha Babu Yako Njiani

Mwanasha mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika Mishomoroni. Sote tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Waniuliza umfanyeje Zuhura, mwenzio wa kupanda Mlima Kenya, maana mwendo wake ni wa pole nawe umeazimia kufika kileleni.

Mimi na babu yako, tulipokuwa maharusi, tulizunguka milima ya Taita kwa miguu siku tano. Kila asubuhi tulikunja turubai, tukanywa chai, tukashika njia. Siku ya tatu viatu vilimchubua. Nami nilikuwa nimeapa kufika kilele cha Vuria, nikamwacha nyuma. Adhuhuri nikakaa nipike. Mchele ninao mimi, sufuria na kibiriti anavyo yeye! Nikateremka kwa hasira, nikamkuta yuapanda peku, viatu kavitundika shingoni.

"Nilidhani umerudi," nikamwambia.

"Nani kakwambia narudi? Naja, ila naja kwa miguu hii."

Wallahi niliona haya. Tangu hapo alitangulia yeye, nami nikafuata mwendo wake. Vuria tulifika jua likizama, naye ndiye aliyegeuka kuniita, "Njoo utazame!"

Basi muulize Zuhura kama anataka kurudi. Akisema yuaja, mpishe atangulie.

Akuombeaye safari njema,
Bibi yako