Bosi Alilia Ndege Ikishuka, Sasa Baba Yake Anataka Tumwache kwa Bibi

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mambo hayajaniharibikia. Mimi ni mwalimu wa chekechea, darasa la wadogo kabisa, na mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minane tunamwita Bosi kwa jinsi anavyoamrisha nyumba nzima, na mwezi huu tulipanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kumsalimia mama mkwe, na tulipokuwa tunapaa Bosi alikuwa ananyonya chupa yake, hata hakukohoa, akamaliza, akalala, nami nikajipongeza. Sasa kule kazini tuna sheria moja kubwa, mtoto akishalala haguswi, anayemwamsha ndiye atakayembembeleza, kwa hiyo mhudumu wa ndege alipokuja kusema, "Mama, tunaanza kushuka, mwamshe anywe kitu," nikaweka kidole mdomoni, "Shh! Dada, huyu ukimwamsha utamlea wewe," akaenda zake, na hazikupita dakika kumi Bosi akashtuka ameshika masikio yote mawili, akalia kilio ambacho kwa miaka saba ya kufundisha watoto sijawahi kukisikia, chupa iko juu kwenye mizigo, mikanda imefungwa, abiria wamegeuka wote, na baba Bosi, mshauri, ambaye tangu mwanzo alikuwa amehamia kiti cha nyuma eti apate dirisha, akaulizwa na jirani yake huyo mtoto ana nini, akajibu, "Hata sijui, labda mama yake anajua."

Tangu siku hiyo ameng'ang'ania jambo moja: tukirudi mwisho wa mwezi, Bosi abaki kwa bibi yake hadi afikishe miaka mitatu, "masikio yakikomaa tutamfuata." Mama mkwe amefurahi, ameshanunua na kitanda. Naona haya kukataa kwa sababu kosa ni langu, lakini kila nikimtazama Bosi najifungia chooni nalia. Nimwache?

Mama Bosi

JIBU

Marahaba, Mama Bosi. Dada wa watu alikuwa anafanya kazi yake, nawe ukamfukuza. Sheria ya darasani iache darasani. Ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa hubadilika upesi na kubana ngoma ya sikio. Kumeza ndiko kunakofungua njia ya hewa, na mtoto aliyelala hamezi vya kutosha. Mlipopaa alikuwa ananyonya, ndiyo maana hamkusikia kitu. Hukujua, pole. Sasa umejua, toka chooni.

Kabla ya safari mpeleke akaangaliwe masikio, na kama ana mafua, usikose. Muulize daktari kuhusu dawa ya maumivu na kipimo chake, na usithubutu kumpa ya kikohozi ili alale. Chupa ikae mkononi, si juu kwenye mizigo. Nusu saa hivi kabla ya kutua mwamshe, mkalishe wima, anywe kidogo kidogo mpaka magurudumu yaguse chini. Akiikataa chupa, mpe titi kama bado ananyonya, au chuchu ya plastiki. Pipi na karanga hapana, atapaliwa. Pamba masikioni haisaidii kitu. Na akilia, mwache abiria ageuke mpaka shingo imuume. Hata kulia kunasaidia kufungua masikio.

Baba Bosi, najua unasoma hapa begani kwa mkeo. Safari hii dirisha huna. Utakaa ubavuni mwao, chupa utaishika wewe, na jirani akiuliza huyu mtoto wa nani, utajibu kwa sauti ya kusikika. Mama yako mshukuru kwa kitanda, mwambie kitatumika mkija likizo.

Mama Bosi, humwachi. Maumivu yale yalikuwa ya dakika ishirini na mtoto ameshayasahau, anacheza. Ukimwacha, kila asubuhi atasimama mlangoni kukutafuta, na kwa hilo mimi sina ushauri wa kukupa.