Jina Ambalo Wifi Hakuweza Kulitaja

Marahaba, Neema. Hapa Getanuwas ng'ombe wamenenepa, na babu yako bado anabishana na redio. Unauliza kwa nini uende ofisi ya uchaguzi kuhamishia taarifa zako Dodoma, eti wale kazi yao ni kusumbua watu. Nakataa!

Nikiwa bado kijana nilimsindikiza wifi yangu, mke wa kaka, kujiandikisha kupiga kura. Karani akamuuliza jina la baba wa mumewe. Wifi akainama kimya, maana kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Mwanaume mmoja kwenye foleni akafoka, "Kama hawezi kutaja, arudi akakamue ng'ombe!"

Nilikuwa nimeshakunja ngumi. Karani akamnyamazisha yule bwana, akauliza wifi amekwama wapi, nikamweleza mwiko wetu, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, na wewe una mwiko huo?"

"Mimi? Ni baba yangu mzazi! Nitalitaja mpaka Mlima Hanang usikie."

Nikalitaja. Wifi akaziba masikio, akacheka, akaondoka na kadi yake ya kupigia kura.

Nenda, mjukuu wangu. Ukikwama, waambie umekwama wapi. Wakikufukuza bila kukuuliza, nipigie, nitapanda basi.

Bibi yako